Fedha ya fedha: uzoefu wangu na medali za mbio za mbwa za Alaska

Niseme mapema: medali hizi ni vipande vya fedha vya kukusanya, hazivaliwi. Hazina utepe wala tundu. Nilipomtumia rafiki yangu wa Dar picha ya ile ya kwanza, aliniuliza nimeshinda nini. Nikaona aibu kumjibu kwamba sijashinda kitu, nimelipa dola 75 kwa mbio walizokimbia mbwa.

Nafanya kazi ya kupakua mizigo uwanja wa ndege wa Anchorage, Alaska. Ndege za mizigo kati ya Asia na Marekani hutua pale kujaza mafuta, kwa hiyo zamu haziishi, na mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalala tu na kuamka. Iditarod, yaani mbio za sleji, magari ya kuteleza kwenye theluji yanayovutwa na mbwa, nilikuwa nalisikia jina. Jumamosi ya kwanza ya Machi 2023 nikatoka kazini asubuhi nikakuta Fourth Avenue imefungwa, na katikati ya barabara imemwagwa theluji iliyoletwa kwa malori. Sisi huku majira yote ya baridi tunaikokota theluji iondoke, wao wanairudisha ili sleji zipate pa kuteleza!

Ila kilichoninasa ni kelele. Mbwa wakiwa wamefungwa wawili wawili kwenye kamba ndefu, wanabweka, wanaruka miguu yote minne hewani, na watu wazima wananing'inia kwenye sleji isiwaponyoke. Kisha nanga inang'olewa kwenye theluji, mwendeshaji anasema neno moja, na kimya. Mbwa akishaanza kukimbia habweki. Unabaki kusikia pumzi zao na sleji inavyokwaruza. Walipopita niliokota kisoksi cha kitambaa cha rangi ya chungwa, kimemvuka mmoja wao mguuni. Huvalishwa hivyo barafu isiwachane nyayo. Nikiwa bado nimekishika mkononi nikaingia dukani, nikatoka na medali ya mwaka ule.

Sasa medali yenyewe. Ni wakia moja ya fedha safi, imepigwa mhuri wa 999, yaani sehemu 999 kati ya 1,000 ni fedha. Upana ni kama sentimita nne, pembeni ina meno kama ya sarafu. Uga wake, yaani sehemu isiyo na picha, unang'aa kama kioo na picha zimeachwa na ukungu mweupe, hivyo ukiiinamisha kidogo mbwa wanakuwa weusi, ukiirudisha wanakuwa weupe. Nimeigeuzageuza hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mbele kuna mwendeshaji na mbwa wake wakipanda kilima. Mishipi ya kifuani inaonekana mmoja mmoja, na mbwa wa mbele kabisa kageuza sikio nyuma kusikiliza anachoambiwa. Aliyechonga picha ile anawajua mbwa. Nyuma kuna ramani ya njia kutoka Anchorage hadi Nome, pwani ya Bahari ya Bering, kama kilomita 1,600. Mshindi wa kwanza, Dick Wilmarth, mwaka 1973 aliimaliza njia hiyo kwa siku 20. Mwaka ule wa medali yangu Ryan Redington alitumia chini ya siku tisa, naye ni mjukuu wa Joe Redington, mzee aliyezianzisha mbio hizi alipoona pikipiki za theluji zinawafuta mbwa wa sleji vijijini. Ukijua hilo, ramani inakuwa na uzito mwingine.

Kasoro ni kikopo chake cha plastiki. Kilikuwa kipana kuliko medali, ukitikisa inacheza ndani, na kabla hata sijafika nyumbani ilikuwa na mkwaruzo mwembamba kwenye uga. Nilirudi dukani, nikaambiwa mkwaruzo ni wangu. Nikanunua mwenyewe kikopo cha saizi yake kamili, kwa pesa kidogo tu. Kama unanunua, fanya hivyo siku ileile. Na usiiguse usoni, ishike ukingoni, maana alama ya kidole kwenye fedha iliyong'arishwa hivyo haitoki kirahisi.

Ya pili ndiyo iliyoniuma. Niliitafuta medali yenye mwaka 1985, kwa sababu ya Libby Riddles, mwanamke wa kwanza kushinda. Wenzake walijikunyata Shaktoolik, kijiji cha pwani njiani, wakisubiri dhoruba ipite, yeye akawaingiza mbwa wake kwenye barafu ya bahari. Nikampata muuzaji mmoja kwenye mnada wa mtandaoni, akasema ni fedha tupu. Ilipofika nikaijaribu kwa sumaku, haikunasa, nikafurahi. Ujinga wangu. Sumaku hainasi fedha, lakini hainasi shaba wala shaba nyeupe pia. Siku mbili baadaye nikaiweka kwenye mizani ya jikoni, ile ninayopimia unga: gramu 26. Nikaweka ya 2023, ileile kwa upana na unene: gramu 31. Wakia ya sonara ni gramu 31.1, si zile 28 na kidogo za wakia ya dukani. Fedha ni nzito kuliko shaba, kwa hiyo kipande cha shaba kilichopakwa fedha kwa saizi hiyohiyo lazima kipungue gramu nne au tano. Nikaweka na kipande cha barafu juu ya kila moja, lakini hapo sikuona tofauti ya maana, kwani shaba nayo inapitisha joto sana. Mizani ndiyo iliyosema. Muuzaji hajawahi kujibu.

Ya tatu, ya 2024, ina mbwa waliopakwa dhahabu juu ya fedha. Ni nzuri kwa dakika tano. Bei inapanda sana na dhahabu yenyewe ni utando tu, tena rangi ya njano inaficha ule mchezo wa nuru nilioupenda kwenye ya kwanza. Halafu mwaka ule mbwa watatu walikufa njiani. Mbio hizi zina wapinzani wengi, na baada ya hapo sikuweza kuitazama ile dhahabu mgongoni mwa mbwa bila kufikiri. Ipo kwenye droo.

Desemba 2024 nilikwenda Tanga likizo, nikaibeba ya 2023 nimwonyeshe mama. Akaipokea, akaipima kiganjani, akavaa miwani.

"Mwanangu, hawa ni mbwa?"

"Ndiyo, mama."

"Umevuka bahari zote hizo ukaniletee fedha yenye mbwa."

Nikamweleza habari za 1925. Dondakoo liliingia Nome katikati ya baridi, bandari imeganda, ndege za wakati ule haziwezi, na dawa ikapokezanwa kwa sleji kutoka mji wa Nenana, ndani ya Alaska, waendeshaji 20, zaidi ya kilomita 1,000 kwa siku tano na nusu. Mama alikuwa anatupeleka kliniki sote kwa chanjo, neno dondakoo analijua. Akanyamaza kidogo, akaniuliza watoto walipona? Nikamwambia dawa ilifika. Akaenda chumbani akarudi na kijaluba cha marehemu bibi, akatoa riale ya Maria Theresa, sarafu ya zamani ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, iliyotobolewa juu, aliyokuwa akiivaa bibi shingoni. Tukaziweka sambamba kwenye mkeka. Riale imeandikwa 1780, mwaka ambao huandikwa kwenye zote hata zilizopigwa miaka mingi baadaye, ina gramu 28 na fedha yake ni kama 833 kwa 1,000. Imesagika mpaka yule malkia hana pua. Medali yangu pembeni ilionekana kama mtoto aliyevishwa nguo za Idi.

Kesho yake mama akasisitiza twende kwa sonara wake, "ajue kama hukuibiwa." Mzee yule akaitoa kwenye kikopo kwa vidole vyote (nilifumba macho), akaipima: tola mbili na theluthi mbili, yaani gramu zilezile 31. Alitaka kuisugua kwenye jiwe na kuitia tindikali, nikamwomba asifanye. Akaigonga kwa kijiti tu na kuisikiliza ilivyolia, mlio mrefu mwembamba.

"Fedha safi," akasema. "Nakupa 55,000."

"Mzee, mimi nimelipa karibu laki mbili."

"Picha ya mbwa mimi sinunui, kijana. Nanunua uzito."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichonunua. Siku ile ya Machi 2023 wakia ya fedha ilikuwa kama dola 21, kwa hiyo zaidi ya dola 50 niliwalipa mchongaji, jina la mbio na mwaka. Medali si sarafu ya serikali, haina thamani iliyoandikwa, na atakayekurudishia zile 50 ni mkusanyaji mwenzako, siyo sonara. Anayetaka kuweka akiba anunue vipande vya fedha visivyo na picha. Mimi naipa nyota nne. Moja imebaki kwenye kile kikopo. Ile ya mtandaoni haina nyota. Na kama waliochora wananisikia, natamani siku moja waweke nyuma ile taa inayowashwa Nome hadi mwendeshaji wa mwisho afike. Nimeona milima ya kutosha.

Nilimwachia mama. Nilimwomba asiisugue kwa majivu na ndimu kama sinia, na ikianza kuwa nyeusi aiache hivyohivyo. Mimi nimebaki na kisoksi cha rangi ya chungwa, kimening'inia jikoni juu ya mizani. Wiki iliyopita nilimpigia simu nikamuuliza medali iko wapi.

"Kwenye kijaluba, na riale ya bibi yako. Nimeigeuza, ramani iko juu. Mbwa wamelala."