TAHADHARI: wenye Landrover 109 na gari za zamani, kuna jamaa anauza "wayaringi og ya Uingereza", msimpe hela

Wakuu salama. Nimekaa na hili jambo wiki nzima najiuliza niandike au ninyamaze maana aibu nayo ipo, ila juzi nimekutana na mtu anaelekea kuingia mkenge ule ule niliouingia mimi, nikaona hapana, acha niseme.

Nina Landrover 109 Series III ya 1978, pikapu, aliniachia mzee, iko hapa Moro. Mwezi wa pili taa ya kushoto ikaanza vituko, ukiwasha dim inawaka kama kibatari, ukiweka full vile vile, ukipiga indiketa hadi taa ndogo ya upande ule nayo inakonyeza. Mtu anayezijua hizi gari akisikia hivyo anacheka tu, hiyo ni athi, ile waya nyeusi inayotoka kwenye taa kwenda kushika bodi. Bodi ya 109 ni aluminiamu na bolti ni chuma, vikikaa pamoja miaka 40 na unyevu panaota unga mweupe, umeme unashindwa kurudi kwa njia yake unaanza kujipenyeza kwenye glopu nyingine. Mimi hayo nimeyajua baada ya kupigwa.

Nikaelekezwa fundi umeme mmoja alikuwa amekuja kutoka Dar kwa kazi nyingine. Akafungua boneti, akavuta vuta waya, hata testa hakutoa, akasema bro wayaringi yote ya mbele imeoza hii itakuunguzia gari. Akanipa namba ya "dogo wangu anashusha mzigo wa Uingereza". Huyo dogo ana mdomo mtamu hatari, kiongozi, bosi wangu, mkuu wangu. Kanitumia picha, waya zina rangi zake kabisa kama za kiwandani, bluu mstari mweupe ya full, bluu mstari mwekundu ya dim, nikalainika. 360,000 pamoja na rilei mbili, zile swichi za umeme zinazopitisha moto wa taa. Wakati natuma likatokea jina la mwanamke, nikamuuliza, akasema hiyo laini ya wife. Hapo tu ningeshtuka lakini ndo hivyo, nikaweka namba ya siri.

Mzigo ukaja kwa basi. Nafungua, waya zote nyekundu na nyeusi, bluu hata ya dawa hakuna. Kupiga simu naambiwa hilo ni toleo jipya bosi wangu. Toleo jipya la gari ambayo uzalishaji wake uliisha 1985! Fundi akafunga akachukua 80,000 yake, taa ya kushoto bado hafifu akasema "itazoea tu". Itazoea. Na akaondoka na waya zangu za zamani na taa zote mbili na rimu zake, yaani pete zinazoshika taa, zile taa za kioo zimeandikwa Lucas, eti zimeisha anaenda kuzitupa, akanipachikia za kioo cha plastiki.

Siku kumi baadaye natoka Chalinze usiku, nimefika maeneo ya Mikese taa zote zikaanza kufifia, harufu ya plastiki inaungua, kidogo giza. Na mnaijua ile barabara malori yake. Nikaingia pembeni kwa kubahatisha, kufungua boneti moshi, nashukuru spana ya betri ilikuwa chini ya siti nikachomoa terminal.

Kesho yake nikaichuna ile waya mezani. Gamba nene limeandikwa 2.5, yaani unene wa waya kwa milimita za mraba, ndani nimehesabu nyuzi 12, nyembamba kama nywele. Ukikwangua uzi mmoja kwa wembe rangi ya shaba inabanduka unabaki mweupe, yaani ni aluminiamu imepakwa shaba juu. Sasa glopu mbili za wati 55 kwenye betri ya volti 12 ni ampia 9 na ushee zinapita kwenye nywele hizo. Kiboksi cha fyuzi kipo lakini ndani hakuna fyuzi, kuna kipande cha waya kimeviringishwa. Rilei imeandikwa 40A, plastiki imeyeyuka pale pini ya 87, inayotoa moto kwenda kwenye taa. Na ile bolti ya athi ya kushoto hawakuigusa, waya mpya imebanwa juu ya unga ule ule!

Kwa hiyo fundi akikwambia wayaringi imekufa, kabla hujatoa hata mia, chukua waya kama mita moja na nusu, washa taa, upande mmoja gusa waya nyeusi ya taa, mwingine gusa hasi ya betri. Taa ikiruka ikawa kali basi ni athi, msasa, bolti mpya na grisi, haifiki elfu kumi. Isipobadilika ndo uanze kuangalia swichi na kile kijiti cha dim kwenye usukani, maana Series III moto wote wa taa kubwa unapita humo bila rilei na pointi zake zinachoka. Ukinunua waya, omba ukate kipande ukwangue pale pale dukani, muuzaji akinuna ondoka.

RB nimechukua, namba yao ya simu nimeiripoti 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Hela sina matumaini nayo. Kilichoniuma zaidi, kabla dogo hajanibloku niliona status yake anauza "taa og za 109, laki mbili", na rimu moja ina bonde la nyundo aliloligonga marehemu mzee akiitoa.

Kaka mwenye 109 ya kijani tuliyekutana Msamvu Jumamosi, ukasema unamsubiri fundi wa Dar mwenye mzigo wa Uingereza, sikuchukua namba yako. Kama unasoma hapa, usiruhusu afungue hizo taa.