TAHADHARI: Fundi wa kusoma kodi za hitilafu za gari anayekuuzia sensa yako mwenyewe

Wenye magari Nairobi, hasa wa Eastlands, someni hii kabla hamjamwita fundi wa kuja nyumbani.

Wiki tatu zilizopita taa ya injini iliwaka kwenye Fielder yangu, nikiwa kwenye foleni ya jioni Jogoo Road. Gari likisimama linatetemeka, ukikanyaga mafuta linatulia. Nikampigia jamaa anayejitangaza mtandaoni. Akaja, akachomeka mashine kwenye lile tundu la pini 16 chini ya dashibodi, ikatoa kodi P0171, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. "Sensa ya oksijeni imekufa, mkubwa." Kusoma 1,500, sensa ya kutoka Japani 14,000. Nikatuma kwa M-Pesa.

Sasa angalieni mchezo. Akaitoa sensa "kama sampuli", akapanda bodaboda kwenda nayo Grogan, kwenye maduka ya spea. Saa mbili baadaye karudi na nyingine inang'aa kama kijiko cha harusi. Ile kuukuu iko wapi? "Nimewaachia wenye duka, wananunua vyuma." Akafunga, akafuta kodi, taa ikazimika, tukaagana vizuri.

Siku ya tatu taa ikarudi. Kodi hii kwa kawaida haiwashi taa mara moja. Kompyuta husubiri ione kasoro safari mbili mfululizo. Muda huo unamtosha fundi kula hela na kuacha kushika simu.

Nikapeleka gari kwa mzee mmoja Buruburu. Akanieleza kwamba P0171 haisemi sensa ni mbovu. Inasema hewa imezidi petroli. Kilo moja ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa, na sensa iliyo kwenye ekzosi ndiyo inayopeleka habari kwamba hesabu imeharibika. Mjumbe hauawi, lakini jamaa yangu alimuua kisha akaniuzia maiti.

Mzee aliangalia namba gari likiwa linanguruma tu: kompyuta ilikuwa inaongeza petroli kwa asilimia 24. Akakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi 5. Hapo akajua kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwenye kipimo cha hewa. Akapulizia dawa ya kusafisha kabureta karibu na paipu za mpira (usijaribu injini ikiwa moto, utaunguza gari), injini ikabadilisha sauti. Paipu moja ndogo ilikuwa na ufa chini, hauonekani mpaka uikunje. Mpya, shilingi 600.

Halafu akaichomoa ile sensa "mpya". Rangi ya fedha ikabaki kidoleni. Waya wake ulikuwa na alama za meno, palepale panya wa mtaa wa Umoja walipoutafuna mwaka jana, nami nikapafunga tepu nyeusi. Tepu ilitolewa, meno yakabaki.

Kwa hiyo: piga picha ya spea kabla haijatolewa, na usilipe kabla hujaishika ile kuukuu mkononi. Kuna visomaji vidogo vya Bluetooth vya kuunganisha na simu, na katika magari mengi vinaonyesha kilomita ulizoenda tangu kodi zifutwe. Yule mzee huviita mashahidi.

Jamaa ameshabadilisha namba, lakini mtamjua kwa lile neno "sampuli". Picha ya waya ninayo, anayeitaka aniandikie.