Raspberry Pi 4 hapa Mikindani: wiki mbili nililaumu mfumo, kumbe chaja

Kama una Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) iliyolala kabatini Mtwara, Masasi au Lindi kwa sababu "inajizima yenyewe", usiigawe bado. Yangu nilikaribia kuigawa.

Ni Pi 4 ya RAM ya GB 4, aina iliyotoka mwaka 2019. Niliagiza Dar, ikaletwa na basi. Nilitaka watoto wa dada yangu na wenzao wa mtaani wasome Wikipedia ya Kiswahili bila kununua bando.

Kuweka mfumo endeshi kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Raspberry Pi OS ni mfumo wa chanzo huria uliojengwa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux. Zamani ukiitwa Raspbian, jina likabadilika mwaka 2020. Kwenye laptopu niliweka programu ya Raspberry Pi Imager, inayoandika mfumo kwenye kadi, nikachomeka memori kadi ya GB 32, nikachagua aina ya bodi, mfumo na kadi, basi. Kilichonichelewesha ni bando tu: mfumo wenye deskitopu unazidi GB 1, nikaupakua usiku. Imager itakuuliza jina la mtumiaji, nywila, waifai na majira ya saa. Jaza yote hapo hapo. Maelekezo mengi ya zamani yanakuambia uingie kwa jina "pi" na nywila "raspberry". Hayo yaliondolewa Aprili 2022, ukiyafuata hutaingia. Angalia na mpangilio wa kibodi. Kibodi yangu ni ya Kimarekani, na mpangilio ukibaki wa Kiingereza cha Uingereza, @ na alama ya nukuu zinabadilishana nafasi. Nywila yenye @ itakataa kila ukiiandika.

Shida ilianza baada ya hapo. Inawaka vizuri, nafungua kivinjari, inajizima na kuwaka upya. Nikafuta kadi nikaweka mfumo upya mara tatu, kila mara nikiamini nimekosea hatua fulani. Jioni moja mpwa wangu wa darasa la sita akanyoosha kidole kwenye kona ya skrini: "Mjomba, hii radi ni ya nini?"

Nilikuwa naiona siku zote nikidhani ni pambo. Ni onyo kwamba umeme unaoingia umeshuka chini ya volti 4.63. Nikafungua teminali, dirisha la kuandika amri, nikaandika vcgencmd get_throttled, ikajibu 0x50000. Bodi isiyo na tatizo hujibu 0x0. Jibu langu lilimaanisha kwamba tangu iwashwe, umeme umeshapungua na prosesa imeshapunguziwa kasi.

Pi 4 inataka volti 5 na ampia 3. Mimi nilitumia chaja ya simu, ile ya kuchaji haraka, nikijua hakuna yenye nguvu kuliko hiyo humu ndani. Nikasoma maandishi yake madogo: volti 9 ampia 2, volti 5 ampia 2. Chaja hizi hupata kasi kwa kupandisha volti baada ya kuelewana na simu. Pi haiombi volti 9, inapewa 5, na kwenye 5 chaja yangu iliishia ampia 2. Waya nao ulikuwa mrefu na mwembamba, umeme ukipotea njiani.

Nikaenda kwa fundi simu sokoni Mtwara mjini. "Kaka, zote hizi ampia tatu," akaniambia. Tukazisoma moja moja. Ni moja tu iliyoandikwa ampia 3 kwenye mstari wa volti 5. Nikaichukua pamoja na waya mfupi mnene. Radi haijarudi tena.

Kukatika kwa umeme ni jambo jingine. Kadi ikikatiwa umeme huku inaandikwa, mafaili yanaweza kuharibika, na moja yangu ilikufa hivyo. Sasa nina kadi ya pili yenye nakala kamili, na watoto wamejifunza kuzima kwa menyu, si kwa swichi ya ukutani. Halafu Pi 4 haina betri ya saa. Ikiwaka kabla haijapata intaneti, inabaki na saa ya nyuma, na sudo apt update, amri ya kusasisha orodha ya programu, inaweza kugoma ikidai faili bado hazijafikia tarehe ya kutumika. Subiri saa ijirekebishe, kisha rudia. Kwa joto letu la pwani nimebandika pia kipoza joto, maana ikifika nyuzi 80 inapunguza kasi.

Kazi niliyoinunulia inaifanya vizuri kabisa. Kifurushi cha kiwix-tools, yaani programu za kusoma Wikipedia bila intaneti, kimo kwenye hazina ya programu za Debian. Nilikiweka, nikapakua faili la Wikipedia ya Kiswahili mara moja, nikawasha kiwix-serve, inayozipa simu kurasa zake. Watoto wanaunganisha simu kwenye rauta ndogo ya nyumbani na kusoma bila bando hata la shilingi mia. Jumamosi barazani wanakuwa sita, saba, kwa simu tatu. Neno la kwanza walilotafuta ni Mikindani.

Mama mdogo naye ameomba nikamwekee moja kwake Mingoyo, kwa ajili ya wajukuu. Bodi haijafika kutoka Dar. Chaja ya ampia 3 na waya mfupi nimeshanunua.