Senene wa Bukoba: wa kopo au wa kupima?

Msimu mkubwa wa senene, wadudu wa kuliwa wa jamii ya panzi, mkoani Kagera ni Novemba na Desemba. Mdogo huangukia Aprili na Mei. Nje ya hapo, anayekuuzia stendi au dukani anakupa mzigo uliokaa, kwa hiyo swali la kwanza ni walikaangwa lini, bei baadaye. Senene ana mafuta mengi, na mafuta hayo huharibika upesi yakikutana na hewa, mwanga na joto. Makopo yanayoonyesha kila kitu na kupangwa juani ili yang'ae ni ya kuyapita tu.

Kwa ladha, wa kupima sokoni wakati wa msimu anamshinda wa kopo bila ubishi. Anakuja na kitunguu, ana utamu wa mafuta yake mwenyewe. Udhaifu wake uko kwenye kuchambua. Mchambuaji mwenye haraka hung'oa mbawa na kuacha miguu ya nyuma, ambayo ina miiba midogo inayokwaruza koo, na kwa majike huacha ule mkia mrefu kama upanga. Chota kiganja kimoja ukague kabla hajapima. Kisha chukua mmoja umvunje: akikatika kwa mlio, amekauka, akipinda, bado ana maji na ndani ya siku chache ataota ukungu. Ukiwa na shaka zaidi, mbonyeze kwenye karatasi nyeupe. Doa la mafuta hubaki, la maji hukauka na kupotea.

Wa kopo wamekauka kwa usawa na wanasafiri vizuri hadi Dar es Salaam, lakini wengi wana chumvi kupita kiasi, na chumvi nyingi huficha ladha ya mafuta yaliyochoka. Fungua, nusa kwanza. Matone ya maji chini ya kifuniko ni dalili mbaya: walifungwa wakiwa moto au hawakukauka. Kopo lisilo na tarehe ya kufungashwa halistahili bei ya juu hata kama lebo yake ni nzuri.

Aliye karibu na soko anunue wabichi akaange mwenyewe. Chambua mbawa, miguu na vipapasio, osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu mpaka maji yatoke meupe. Weka kwenye sufuria pana na maji kidogo na chumvi, yachemke mpaka yakauke. Hapo mafuta yao yataanza kutoka yenyewe, usiongeze mengine. Punguza moto, geuza bila kuacha kwa nusu saa hivi mpaka wawe rangi ya kahawia inayong'aa, kitunguu kikiingia dakika za mwisho. Moto mkali ndio unaowaharibia watu wengi: senene wanaungua nje, ndani wanabaki na maji. Waache wapoe kabisa kabla ya kufunga. Kwenye friza hudumu miezi. Wakikaa mezani, waliwe ndani ya siku chache.

Wa kopo walioingiwa na unyevu hurudi vizuri kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika tatu au nne. Wenye harufu ya mafuta ya kale hawarudi, tupa.

Anayedhurika akila kamba au kaa asionje kabisa, kwani mzio wa wadudu hawa unahusiana na ule wa viumbe hao.