Choo cha pili kwenye nyumba yetu ndogo Kigamboni: uzoefu wangu

Kila jioni nilikuwa namwekea mama yangu jagi la maji karibu na kitanda, na kila asubuhi nalikuta limejaa vilevile. Nilipombana akanijibu taratibu: "Mwanangu, nikinywa nitaamka usiku, na nikiamka nani atanipeleka?" Kumbe ameacha kunywa maji tangu magharibi hadi asubuhi, mama mwenye presha anayemeza dawa, kwa sababu ya choo tu.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu, sebule, jiko na stoo ndogo. Choo kilikuwa kimoja, cha kuchuchumaa, humohumo na bafu, mwisho wa korido. Tunaishi watu sita. Mume wangu anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi pantoni, watoto watatu wanafuata, na mama alikuwa akisubiri wote wamalize. Ana yabisi ya magoti. Akichuchumaa, kuinuka ni lazima aite mtu, na ninajua jinsi jambo hilo lilivyokuwa likimuumiza, kuitia watu mlangoni kwa haja kama ile. Tukaamua na mume wangu kwamba fedha tulizokuwa tunaweka kwa ajili ya ukuta wa mbele ziende kwenye choo.

Naandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo nilikutana na picha nyingi za marumaru na masinki mazuri, lakini hakuna mtu aliyeniambia kuhusu kilicho chini ya sakafu. Na chini ya sakafu ndiko nilikopoteza fedha.

Fundi wa kwanza alikuja, akazunguka nyumba, akasema tukate kona ya chumba cha mama, kiwe masta, yaani chumba chenye choo chake ndani. Wazo lilinivutia sana. Akachukua malipo ya awali, akavunja sakafu, akalaza mabomba matatu ya inchi nne kuelekea nyuma kwenye chemba, kile kishimo chenye mfuniko ambacho maji machafu hupitia kwenda kwenye shimo la choo. Mimi sijui ujenzi, lakini niliona bomba limelala kama meza. Nikamuuliza, kinyesi kitatembeaje? Akasema maji yatakisukuma. Nilikosa amani usiku ule. Kesho yake jirani akaniletea mzee mmoja anayefunga mabomba tangu ujana wake.

Yule mzee hakushika nyundo. Alitoa mpira wa maji wa kupimia usawa, ule mpira mwembamba unaoonyesha, akapima kutoka chumba cha mama hadi chemba. Mita kumi na moja. Akanieleza kwamba bomba la inchi nne linataka kushuka sentimita mbili na nusu kila mita moja, yaani kwa mita kumi na moja lishuke zaidi ya sentimita 27. Chemba yetu ilikuwa inapokea bomba sentimita 20 tu chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. "Dada, hapa hata tukifanyaje, maji hayapandi mlima," akasema. Kuipata ile slopu ingebidi tuchimbe shimo jipya upande wa mbele, na mbele kuna kisima cha jirani, hata mita kumi na tano hazifiki. Kitu kama hicho sifanyi. Wale watu wanakunywa yale maji.

Kwa hiyo zile fedha za awali zimekwenda, na sakafu ya mama tuliirudishia zege. Sitaki kumtaja yule fundi wa kwanza. Ila ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kuanza: kabla hujachagua mahali choo kitakapokaa, pima kwanza umbali na kina hadi kwenye chemba. Mahali choo kinapotakiwa kukaa panaamuliwa na bomba. Sisi mahali pake palikuwa kwenye stoo, iliyopakana ukuta na choo cha zamani. Kutoka pale hadi chemba ni mita tatu na nusu, na mteremko ukapatikana bila shida yoyote. Stoo ina upana wa mita moja na sentimita 30 na urefu wa mita mbili na sentimita 10. Ni padogo, lakini choo, sehemu ya kuogea na sinki dogo la kunawia mikono vimeenea.

Stoo inatazamana na chumba cha mama. Hatua nne.

Jambo la kibla lilikuja hapo, maana sisi Waislamu hatuelekei kibla tukiwa chooni. Fundi alichora kwa chaki mahali pa choo, mama akatoka na mkongojo wake kuangalia, akauliza mtu akikaa anatazama wapi. Kwa sisi wa Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kabisa, na choo kilichorwa kikitazama kaskazini hiyohiyo. Mzee wa mabomba akacheka, akasema "Shikamoo bibi, umenisaidia," akafuta chaki na kukigeuza kitazame mashariki. Kubadili kwenye chaki hakuna gharama. Ukishamwaga zege, ni nyundo tena.

Swali lililonisumbua zaidi lilikuwa shimo. Majirani wawili waliniambia choo cha pili kinataka shimo la pili. Mzee aliniuliza mnakaa wangapi, nikamwambia sita. "Na choo kipya kikija mtakuwa wangapi?" Bado sita. Basi, akasema, uchafu ni uleule, kinachoweza kuongezeka ni maji tu. Akashauri mambo mawili tukayafuata yote. La kwanza, maji ya kuogea na ya sabuni yasiende kwenye septiki, yaani shimo la choo, yapewe kishimo chake cha kunyonya pembeni. Ardhi yetu ni mchanga, inanyonya vizuri ukiacha kipindi cha masika. La pili, tununue choo chenye flashi ya vitufe viwili, kidogo kinamwaga lita tatu na kikubwa lita sita. Matangi mengi ya zamani yanamwaga lita tisa kila ukivuta, hata kwa haja ndogo.

Siku ya kulaza bomba nilikaa pale na kiti changu. Kabla ya kufukia chochote mzee aliomba ndimu. Akaitumbukiza upande wa chooni, akamwaga ndoo ya maji, mwanangu wa mwisho akakimbilia nyuma kwenye chemba iliyofunuliwa. Akapiga kelele, "Imefika!" Wakarudia mara tatu. Hapo ndipo nilipomruhusu kumwaga zege. Nawaomba, msikubali fundi afukie bomba bila kulijaribu mbele ya macho yenu, hata kama ni ndugu yenu. Sakafu nayo ikapakwa dawa ya kuzuia maji mara mbili, ikapanda ukutani kiasi cha futi moja, upande wa shawa ikapita urefu wa mtu. Kisha tukaziba tundu la maji tukajaza sakafu maji, yakalala usiku na mchana, saa 24. Alama tuliyoweka ukutani haikushuka. Ndipo marumaru zikaanza.

Kasoro moja ilijitokeza baada ya wiki. Tukivuta maji kwenye choo cha zamani, kile kipya kinaguguma, na tundu la sakafuni linatoa harufu mbaya. Chini ya kila tundu kuna kona ya bomba inayobaki na maji, mafundi wanaiita trapu. Yale maji ndiyo kifuniko kinachozuia harufu ya shimo isiingie ndani. Vyoo viwili vikiwa kwenye bomba moja lisilo na pa kupumulia, kimoja kikimwaga, kinavuta maji ya kwenye kona ya mwenzake. Mzee alirudi mwenyewe, hakudai fedha za kazi, akafunga bomba la hewa la inchi mbili likapita hadi juu ya bati. Sauti ikaisha siku ileile. Ningependa angelifunga tangu mwanzo na nilimwambia hivyo, kwa sababu ilibidi marumaru tatu zing'olewe. Na kama una bafu la wageni ambalo halitumiki, mwagia kopo la maji kwenye tundu lake mara moja moja, maana ile kona ikikauka harufu inapanda hata bomba likiwa limefungwa sawasawa.

Sasa vifaa. Choo cha kukaa mama alikipinga mwanzoni. Alisema hajazoea kukaa mahali walipokaa watu wengine, na atajisafisha vipi. Tukafunga shatafu upande wa kulia ambako mkono wake unafika bila kujipinda, na kopo lake lipo palepale kama maji yakikatika. Tulichagua choo kirefu kidogo kuliko vile vya kawaida. Tofauti ni vidole vichache tu, lakini kwa magoti yake vidole hivyo vina maana kubwa. Siku ya tatu alikuwa anaingia na kutoka mwenyewe.

Vyuma vya kujishikia: viwili, kimoja pembeni mwa choo, kimoja kwenye shawa. Fundi wa kuchomelea mageti alitaka kunitengenezea vya bomba la kawaida kwa bei ndogo, nikakataa kwa sababu hewa ya bahari huku kwetu inakula chuma haraka, nikanunua vya chuma kisichoshika kutu. Vimefungwa kwa boliti za kutanua kwenye tofali lenyewe, si kwenye lipu. Mimi na mume wangu tulining'inia kwa zamu kuvijaribu kabla mama hajavigusa. Tafadhali usimwache mzee ajishikie kwenye kile chuma cha kutundikia taulo. Hakikutengenezwa kubeba mtu.

Mlango una upana wa sentimita 80 na unafunguka kwa nje. Hili nililisisitiza mimi. Mtu akianguka ndani ya chumba kidogo, mwili wake unazuia mlango unaofungukia ndani, na mnabaki nje mkimwita. Kitasa nacho kinafunguka kwa nje kwa sarafu.

Hita ya maji ya shawa ndiyo niliyoifikiria kwa muda mrefu. Muuza duka aliniuliza swali ambalo silisahau: maji yenu ya aina gani? Yetu ya kisima, yana chumvi. Akaniwekea pembeni ile niliyoshika, akanipa nyingine iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ghali zaidi kidogo. Ina wati 5,500. Fundi umeme alikataa katakata kuiunga kwenye waya wa soketi za jikoni, na nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu hita hiyo inavuta ampea 25. Akavuta waya wake peke yake wa milimita sita kutoka kwenye ubao wa swichi, akaweka kikatio chake cha ampea 32, na waya wa ardhi akauunga kwa uhakika. Umeme na maji vinakutana juu ya kichwa cha mama yangu, hapo sikutaka kubana matumizi hata senti moja. Mwanzoni haikuwa inawaka vizuri, maji yalikuja kwa unyonge kutoka kwenye tanki letu. Tukabadilisha bomba linaloshuka kutoka nusu inchi kwenda robo tatu, ikakubali. Kuoga dakika kumi kunakula karibu uniti moja ya umeme wa Luku, kwa hiyo watoto wanaoga maji baridi na moto ni wa bibi yao.

Gharama zote kwa upande wetu zilifika shilingi milioni 3.4, ukitoa zile tulizopoteza kwa fundi wa kwanza. Kazi ya mabomba na ujenzi ilichukua laki tisa. Marumaru, ambazo ndizo kila mtu anazisifia akiingia, hazikufika hata laki tatu na nusu. Kazi ilichukua siku 19.

Kuna mambo mawili nisiyoyapenda. Marumaru za sakafuni nilizichagua kwa rangi, na zikilowa zinateleza. Nilipaswa kuchukua zile za mkwaruzo. Kwa sasa tumetandika mkeka wa mpira wenye matundu, lakini mkeka nao una kingo, na mtu anayeburuta mguu anaweza kujikwaa. Nitazing'oa zile za sehemu ya shawa. La pili ni dirisha. Tuliacha lile dogo la stoo ili kuokoa fedha, na masika yaliyopita ukungu mweusi ulianza kwenye kona ya dari. Dirisha kubwa lingetugharimu kidogo sana wakati ukuta ulikuwa umeshavunjwa.

Nimekosa stoo, mchele na unga viko chini ya kitanda cha watoto. Hilo silijutii.

Mzee wa mabomba nampa nyota tano, hita nyota nne, choo chenyewe nyota tano, marumaru mbili. Jagi la mama sasa nalikuta tupu asubuhi. Baada ya Idi fundi anarudi kuziondoa zile za shawa na kupanua dirisha, na nimemwomba aangalie pia mfuniko wa chemba, una ufa ambapo watoto wanachezea.