Kompyuta ipi ya mtumba ununue kama kazi yako bado inadai Windows 7

Mashine ya kudarizi, mashine ya kukata stika, printa ya utepe ya kuchapia risiti, programu ya hesabu iliyonunuliwa zamani na haipatikani tena: vitu vya namna hii viko katika karakana na steshenari nyingi za Dodoma, na bado vinaingiza pesa. Tatizo huja siku kompyuta inayoviendesha inapokufa. Mtu anaingia dukani, anachagua laptop inayong'aa kuliko zote, anampelekea fundi ampigie Windows 7 ambayo mashine yake inaitaka, na jioni anaambiwa "imegoma". Fundi hana kosa. Kosa lilifanyika dukani.

Kabla ya yote, ujue unachonunua. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Januari 2020. Chrome nayo iliishia toleo la 109. Kwa hiyo kompyuta hii ni ya kuendesha mashine yako tu. Miamala ya benki na barua pepe zifanyie kwenye kompyuta nyingine au simu.

Kinachoamua ununuzi ni kizazi cha prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta. Soma stika au ukurasa wa kwanza wa BIOS (mipangilio ya msingi unayoingia kabla Windows haijawaka): i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-4590 ni cha 4, i5-6500 ni cha 6. Windows 7 inakaa vizuri kwenye kizazi cha 2, cha 3 na cha 4. Kuanzia cha 6, Intel iliondoa mfumo wa zamani wa USB ambao Windows 7 inaufahamu. Ukianza kuipiga kwa flashi, kibodi na kipanya vinakufa katikati, au unaambiwa draiva ya CD haipo wakati hukutumia CD kabisa. Fundi mzoefu anaweza kuziingiza draiva ndani ya flashi mapema, lakini kwa nini ulipie usumbufu huo? Kizazi cha 7 na kuendelea achana nacho: Intel haikutoa draiva za picha za Windows 7.

Chaguo letu la kwanza ni kompyuta ya mezani ya kizazi cha 3: Dell OptiPlex 7010 au HP Compaq Elite 8300. Nyuma ina tundu la siriali lenye pini 9, ambalo mashine nyingi za kukata stika na za kudarizi zinalitaka. Nyaya za kugeuza USB kuwa siriali zipo, lakini za bei rahisi hupoteza data katikati ya kazi, na stika au kitambaa kinaharibika. RAM (kumbukumbu ya kazi) ni aina ya DDR3 ya kawaida. Kwa kazi hizi GB 4 zinatosha. GB 8 ni raha, mradi upige Windows ya biti 64. Angalizo moja: Dell walilirudia jina OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa kompyuta ya kizazi cha 13. Soma namba ya prosesa, jina peke yake litakupotosha.

La pili ni laptop za kizazi hicho hicho, kwa anayehama na kazi yake au anayetaka betri imuokoe umeme ukikatika: Dell Latitude E6430, HP EliteBook 8470p, Lenovo ThinkPad T430. Hapa tunaiweka Dell mbele. ThinkPad T430 ina kibodi nzuri kuliko zote, ila hukataa kuchaji betri nyingi zisizo za Lenovo, na ukibadilisha kadi ya Wi-Fi kwa isiyokubalika inasimama kwenye kosa 1802 na haiwaki. Kwa Dell, kagua chaja. Ncha ya chaja yake ina kipini chembamba katikati kinachoitambulisha chaja kwa kompyuta. Chaja feki au kipini kilichopinda, na kompyuta inawaka lakini betri haichaji na prosesa inapunguzwa kasi. Watu wengi hudhani betri imekufa na kununua nyingine bure.

La tatu ni kizazi cha 4: OptiPlex 9020, Latitude E7440, EliteBook 840 G1. Ni nzuri, tena ina maisha mbele ukitaka kuhamia mfumo mwingine. Tumeishusha kwa sababu laptop zake zinataka RAM ya DDR3L, ya volti 1.35. Ukichomeka ya volti 1.5 uliyotoa kwenye laptop ya zamani, haiwaki.

La nne ni kwa wenye shida ya Windows XP pekee: OptiPlex 780 yenye Core 2 Duo. XP haina draiva ya AHCI (namna ya kisasa ya kompyuta kuongea na diski), hivyo kabla ya kuipiga ingia BIOS ubadilishe SATA, yaani mpangilio wa diski, kuwa ATA au IDE, la sivyo utakutana na skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Usiinunue kwa Windows 7 kama kizazi cha 3 kipo dukani.

Kukagua, tenga nusu saa. Kununua Kariakoo siku hizi ni rahisi kwa treni ya SGR, lakini kurudisha kompyuta mbovu ni safari nyingine nzima, kwa hiyo tofauti ndogo ya bei ya dukani Dodoma mara nyingi ni halali yake. Ingia BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapo hapo. Kwenye laptop hizi kuchomoa betri hakuifuti. Washa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, toka kwenye flashi yako, utazame safu ya Raw Values kwenye mistari ya 05 na C5. Ikiwa si sifuri, diski inaanza kuoza, hesabu gharama ya SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) mpya ya SATA ya GB 240. Tafuta stika ya leseni ya Windows 7 Pro juu ya boksi, chini ya laptop au ndani ya nafasi ya betri. Bila stika fundi atakuwekea kiamshi cha kienyeji (programu ya kuidanganya Windows kwamba ina leseni), na hivyo ndivyo virusi vingi vinavyoingia siku ya kwanza kabisa. Dai risiti ya EFD na siku za waranti ziandikwe.

Kupiga Windows yenyewe kunataka utaratibu. Kwenye BIOS weka SATA iwe AHCI, Secure Boot izimwe, na uwakaji uwe Legacy. Andaa flashi ya GB 8 kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kupigia Windows, ukichagua MBR na BIOS. Kama kompyuta unayoandalia nayo ni ya Windows 7, tumia Rufus 3.22, matoleo ya 4 hayafunguki. Kisha chomeka flashi kwenye tundu jeusi la USB. Tundu la bluu ni USB 3.0, ambayo Windows 7 haina draiva yake hadi uiwekee, na kosa hili dogo limewafanya watu warudishe kompyuta nzima.

Weka draiva ya mtandao kwenye flashi mapema (OptiPlex 7010 na Elite 8300 zote hutumia Intel 82579LM), maana bila hiyo hutapata intaneti ya kutafutia nyingine. Masasisho pakua kwenye kompyuta nyingine, uyaweke kwa mpangilio huu juu ya SP1 (Service Pack 1, furushi la marekebisho ya Windows 7): KB3020369, kisha KB3125574 ambalo ni furushi kubwa la hadi Aprili 2016, kisha KB4490628 na KB4474419. Haya mawili ya mwisho ukiyaruka, draiva na masasisho mapya yatakataa kwa sababu Windows haitambui saini zake. Ongeza KB4012212, linaloziba tundu lililotumiwa na virusi vya WannaCry Mei 2017. Weka programu ya mashine yako, ijaribu, halafu piga nakala ya mfumo mzima kwenye diski ya nje kwa kutumia Backup and Restore iliyomo humo humo. Siku diski ikifa utarudi kazini ndani ya saa moja.

Baada ya hapo chomoa waya wa mtandao. Kazi za wateja zipitie kwanza kompyuta nyingine yenye kinga ya kisasa, hasa flashi za wanafunzi ambazo folda zimegeuka shotikati, dalili ya virusi. Usibofye shotikati hizo hata mara moja.

Vumbi la Dodoma ndilo adui wa pili. Kiangazi, fungua kila baada ya miezi mitatu. Kwenye laptop usiishie kupuliza tundu la pembeni: kati ya feni na mapezi ya shaba vumbi hujikandamiza likawa kama kipande cha blanketi, na kupuliza kwa nje hulisukuma tu ndani zaidi. Toa feni, liondoe vumbi hilo kwa koleo ndogo, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke unapopuliza. Pesti ya joto ya zamani ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko.

Badilisha betri ya saa ya CR2032 siku hiyo hiyo, hata kama haijalalamika. Ikiisha, tarehe inarudi nyuma, na kwenye nyingi BIOS hurudi mipangilio ya kiwandani. SATA ikihama kutoka AHCI, asubuhi unakuta skrini ya bluu 0x0000007B na mtu anakushauri upige Windows upya. Ingia BIOS, irudishe AHCI, washa.

Kwa kompyuta ya mezani, UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) ya VA 650 inatosha: pawasaplai ya OptiPlex 7010 yenye boksi dogo ni wati 240 tu. Ichomekee kompyuta na skrini, basi. Printa ya leza ikiwekwa humo, UPS itazima yote mara printa inapoanza kupasha moto.