PostgreSQL kwenye Debian: tathmini kutoka ghala la asali Tabora

Huu ni mwaka wa pili ninatunza programu ya wavuti ambayo ghala moja la asali hapa Tabora huitumia kuandikia ndoo zinazoletwa na wafugaji nyuki, uzito wa kila ndoo na fedha anazodai kila mmoja wao. Hifadhidata yake ni PostgreSQL 15, ile inayokuja na Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux, na inakaa kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4, hatua chache kutoka kwenye mizani.

Kuisakinisha ni amri moja tu, apt install postgresql, na seva huanza yenyewe ikisikiliza ndani ya kompyuta hiyohiyo kupitia mlango wa 5432. Nausifu mpangilio huo, kwa kuwa hakuna wa nje anayeifikia kabla mwenyewe hujaamua. Kazi huanza baada ya hapo. Programu yangu ilikataliwa asubuhi nzima kwa sababu, kwa mpangilio wa Debian, anayeingia kupitia soketi ya ndani (njia ya programu za kompyuta moja kuongea bila mtandao) hutambuliwa kwa jina lake la Linux na si kwa nywila: programu iliendeshwa na www-data, mtumiaji wa Linux wa seva ya wavuti, ilhali hifadhidata ilimjua mtumiaji aitwaye ghala. Nilipoielekeza ipitie 127.0.0.1, anwani ya kompyuta kujiita yenyewe, nywila ikakubaliwa.

Kikwazo cha pili ni kigumu zaidi kukitambua, maana maelekezo ya zamani hayakitaji. Tangu toleo la 15, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi tena kuunda majedwali kwenye skima ya public, yaani fungu la majedwali linalokuwemo tangu hifadhidata inapoundwa, hata akipewa haki zote za hifadhidata yenyewe. Dawa ni kumfanya mmiliki tangu mwanzo, kwa createdb -O ghala asali, ambapo asali ni jina la hifadhidata.

Usumbufu huo nimeusamehe kwa jambo moja. Msimu uliopita umeme ulikatika karani akiwa anaingiza mzigo wa ndoo 14 za mfugaji aliyetoka Sikonge, 9 zikiwa zimekwisha kuhifadhiwa. Uliporudi, seva iliinuka yenyewe. Ndoo zote 9 zilikuwemo pamoja na kilo zake, na ile ya 10 haikuacha mzigo usio na deni wala deni lisilo na mzigo. PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye daftari lake la awali, WAL, kabla ya kulifikisha kwenye jedwali, kisha hulisoma upya inapoamka baada ya kuzimika ghafla. Yule mzee alilipwa siku ileile bila kupima ndoo upya.

Sehemu ya RAM ambayo PostgreSQL hujitengea kushikilia data, shared_buffers, huja ikiwa megabaiti 128. Nimeipandisha hadi gigabaiti 1. Ninachokilalamikia kwa dhati ni kuhamia toleo kuu jipya, kwani data haihami yenyewe. Debian inayo pg_upgradecluster, amri ya kuihamisha, lakini siigusi kabla ya kuchukua nakala ya hifadhidata kwa amri ya pg_dump, nakala ileile ambayo kila jioni mtunza ghala huondoka nayo kwenye flashi.